Kuhusu Ukazaji wa Gia za Otomatiki Majumbani, Pamoja na Kuku Mmoja

Aibu ya kuendesha gari kinyumenyume kutoka nyumbani hadi kwa fundi, mchana kweupe, tena siku ya mnada, ina sifa moja inayoitenga na aibu nyingine za barabarani: dereva anayekwenda mbele huwaacha wanaomcheka nyuma yake na baada ya muda mfupi huwasahau, ilhali anayekwenda kinyumenyume, kila anapogeuka kupumzisha shingo, huwakuta waliomcheka wakiwa bado wamesimama mbele ya kioo, wanamtazama, na wengine wamekwisha kuwaita wenzao. Aibu hiyo imetokea juzi tu mjini Itigi, mkoani Singida, kwa gari aina ya Toyota Hilux Surf ambalo lilikuwa zima kabisa kabla mmiliki wake hajaamua kuliboresha, na kwa kuwa watoto wa kitongoji kinachohusika hadi leo hutembea kinyumenyume kila wamwonapo mmiliki huyo, huku wakiiga kwa midomo mlio wa injini iliyoelemewa, maelezo ya kitaalamu yanahitajika kabla simulizi za sokoni hazijageuka kuwa historia rasmi.

Kilichokusudiwa kilikuwa ukazaji wa gia, yaani kuifanya giaboksi ya otomatiki, ile inayobadili gia yenyewe bila dereva kukanyaga klachi, ibadili kwa mkato na uthabiti badala ya ulaini iliotoka nao kiwandani. Nchini Marekani kazi hii imefanywa na watu majumbani mwao kwa zaidi ya nusu karne, na vifaa vyake huuzwa katika mifuko midogo yenye springi, bati lenye matundu na karatasi ya maelekezo, ikichukuliwa kwamba mnunuzi ana banda safi, meza ya chuma na Jumamosi moja isiyo na msiba, harusi wala mkutano wa kitongoji. Itigi, Jumamosi ya namna hiyo haijapata kuonekana.

Ili tukio lieleweke ni lazima giaboksi yenyewe ieleweke kwanza, na hapa msomaji anaombwa uvumilivu, kwa sababu kifaa hiki ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi ambavyo binadamu amewahi kuvificha chini ya gari. Gari linapoanza kuondoka, kati ya injini na gia hakuna chuma kinachoshikana na chuma. Kuna konveta, chombo cha duara kilichojaa oili, ambacho ndani yake mna mapangaboi mawili yanayotazamana, moja likizungushwa na injini na jingine likiwa limeungwa na gia, na oili inayorushwa na la kwanza hulisukuma la pili, kama feni iliyowashwa inavyoweza kuizungusha feni nyingine isiyo na umeme iliyowekwa mbele yake. Katikati hukaa pangaboi la tatu, dogo, linaloielekeza upya oili inayorudi, na ni hilo la tatu, lisilosifiwa na mtu, linaloifanya konveta izidishe nguvu ya mzunguko badala ya kuihamisha tu. Mwenye wazo hilo, mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, alilipatia hataza mwaka 1905 akiwa na meli kichwani, si magari. Na mwaka huohuo Wajerumani wenzake walianzia Dar es Salaam kuijenga ile Reli ya Kati ambayo, kabla ya kufika Tabora mwaka 1912, ilipita hapa Itigi. Mambo hayo mawili ya 1905 yalihitaji zaidi ya karne nzima kukutana chini ya mwembe mmoja, uani kwa mwenye gari, na bado mmiliki huyo hakuwa tayari.

Nyuma ya konveta kuna gia za sayari: gia moja ya katikati iitwayo jua, gia ndogo kadhaa zinazoizunguka ziitwazo sayari, na duara la nje lenye meno kwa ndani linalozizingira zote. Uzuri wake ni kwamba gia hizo hazitengani kamwe. Kinachobadilika ni ipi imezuiwa isizunguke na ipi imeachiwa, na kila sehemu inapozuiwa hutokea mwendo wa namna yake, mzito, mwepesi, au wa kurudi nyuma. Katika giaboksi za familia ya A340, ambazo zilifungwa katika magari mengi ya Toyota kuanzia miaka ya 1980, hilo la Itigi likiwemo, zipo seti 3 za gia hizo, zinazotawaliwa na klachi 3, breki 4 na vishikio 3 vya upande mmoja, yaani vifaa vinavyoruhusu mzunguko wa kwenda na kukataa wa kurudi, na kwa michanganyiko ya hivyo vyote hupatikana gia 4 za mbele zenye uwiano wa 2.804, 1.531, 1.000 na 0.705, pamoja na gia moja tu ya nyuma yenye uwiano wa 2.393, namba ambayo msomaji anashauriwa kuikumbuka.

Anayetekeleza amri ya klachi ipi ishike na ipi iachie ni oili. Kompyuta ya gari hutoa ishara, lakini kazi hufanyika katika bodi ya valvu, bamba nene la aluminiamu lililochimbwa vijia vingi vinavyopindana na kukatana, ambamo valvu ndogo huteleza, springi huzirudisha, na gololi, yaani vitufe vidogo vinavyocheza ndani ya vishimo vyao, huziba au kufungua njia kulingana na upande oili inakotokea. Kando ya njia za kwenda kwenye klachi hukaa akumuleta, yaani pistoni iliyoegemea springi. Oili inapokuja kwa shinikizo hulazimika kwanza kuisukuma pistoni hiyo, na kwa muda huo mfupi klachi hushika polepole, abiria asihisi kitu. Ulaini huo si udhaifu bali ni uamuzi wa watu waliofikiria barabara za lami na abiria wanaosinzia. Gharama yake ni kwamba klachi huteleza kwa sehemu ya sekunde kabla ya kushika, mtelezo huzaa joto, na oili ya giaboksi ikishapita nyuzi joto 120 huanza kuharibika haraka, jambo linalowezekana kabisa kwa gari linalohangaika na mchanga kwenye njia ya kwenda Rungwa. Springi ngumu zaidi na matundu mapana zaidi hufupisha mtelezo huo, na kwa hiyo, kinadharia, hurefusha maisha ya klachi.

Hiyo ndiyo sababu iliyotajwa. Sababu ya kweli, ambayo haikufikishwa katika kikao chochote cha familia, ni kwamba gari lenye gia kali hutikisa vichwa vya abiria kidogo kila linapobadili, na mtikiso huo huwajulisha kwamba wamepanda gari la mtu, si gari tu.

Mfuko wa vifaa uliwasili kwa basi kutoka Dar es Salaam katika miezi ya upepo, yaani kipindi kirefu cha kiangazi ambacho vumbi la Itigi huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Karatasi ya maelekezo ilidai kwamba kazi ifanyike mahali pasipo na vumbi lolote, kwa kuwa chembe moja inaweza kuikwamisha valvu, na kwamba boliti zikazwe kwa niutoni-mita 10, kipimo cha nguvu ya kukaza kinachohitaji spana maalumu yenye mshale wa kupimia. Suala la kwanza lilitatuliwa kwa kumwagia ua maji. La pili lilitatuliwa na kijana wa gereji aliyeitwa kusaidia, ambaye kipimo chake, kinachotumika mjini kote, ni kukaza mpaka boliti ikatae na kisha kuiongezea kidogo ili iheshimu.

Bodi ya valvu inapofunguliwa, nusu zake mbili huachana na gololi zilizokaa kati yake huwa huru. Maelekezo yalionya kwa herufi kubwa kwamba zisipotee, lakini hayakusema lolote kuhusu kuku, na pengo hilo la kitaaluma linafaa kuzibwa hapa. Mkoa wa Singida unajulikana nchi nzima kwa kuku wake wa kienyeji, ambao husafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam na kusifiwa na walaji ambao hawajawahi kuishi nao. Kuku hana meno. Chakula chake husagwa ndani ya firigisi, mfuko wa msuli mnene ambao hauwezi kufanya kazi bila vijiwe, na vijiwe hivyo kuku huviokota na kuvimeza kwa makusudi, akipendelea vilivyo vigumu na vyenye umbo la kumezeka. Kwa mtazamo wa kuku, basi, gololi ya milimita chache iliyolowa oili nyekundu inayong'aa juani, ikiwa imewekwa juu ya gunia katika kimo cha mdomo wake, haikuwa spea ya gari. Ilikuwa kijiwe bora kuliko vyote alivyopata kuviona, na uamuzi wake wa kuimeza ulikuwa sahihi kitaalamu kuliko maamuzi mengi yaliyofanyika uani hapo siku hiyo.

Shahidi pekee alikuwa mtoto wa darasa la pili, ambaye alieleza bila kuyumba kwamba tetea mwekundu wa jirani ndiye aliyekuja, akatazama, akadona, akaondoka bila haraka. Jirani, mama mwenye sauti ya upole na msimamo wa reli, alisikiliza madai yote hadi mwisho, akamkaribisha mdai kiti, kisha akatoa hoja ambayo hadi sasa haijapata jibu: "Gololi ni yako, baba, lakini kuku ni wangu." Kesi ikafikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee huyo, akizingatia haki ya kusikiliza pande zote, aliomba kwanza aelezwe gololi hiyo ina kazi gani, na maelezo yakaanzia kwenye bodi ya valvu, yakarudi kwenye gia za sayari, yakaishia kwenye konveta, ambayo mwenyekiti aliipenda mno hata akataka mapangaboi yachorwe chini kwa kijiti. Jua lilikuwa limeinama sana siku hiyo mtu mmoja alipokumbuka kwamba kuku bado anazurura.

Njia ya kusubiri ilikataliwa na sayansi yenyewe, kwa sababu kijiwe kigumu kinaweza kukaa ndani ya firigisi kwa wiki kadhaa, na giaboksi haiwezi kulala wazi katika upepo wa Itigi kwa muda huo. Ikapendekezwa sumaku. Sampu, yaani bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi, huwa na sumaku ndogo za kunasa unga wa chuma unaotokana na kusagika kwa gia, na moja ya sumaku hizo ilisafishwa na kupitishwa chini ya kifua cha kuku aliyeshikwa mabawa na watu wawili. Matokeo yaliligawa kusanyiko. Kundi moja liliapa kwamba sumaku ilivuta. Kundi la pili lilidai kwamba kuku ndiye aliyesukuma. Na kijana wa gereji akasema kwamba vyovyote iwavyo kuna chuma humo ndani, kauli ambayo baadaye ilithibitika kuwa ndiyo utambuzi pekee sahihi katika kazi nzima.

Ikabidi kuku anunuliwe. Bei iliyotajwa haikuwa ya kuku bali ya tetea aliye katika kutaga, pamoja na mayai yake, pamoja na vifaranga ambavyo mayai hayo yangekuwa, na majadiliano yalipofika kwenye wajukuu mmiliki wa gari aliona ni nafuu kulipa. Firigisi ilipopasuliwa mbele ya mwenyekiti, ndani yake mlikutwa changarawe, kipande cha kigae, shanga moja ya buluu, na gololi. Ilikuwa gololi ya baiskeli. Ilikuwa na kutu, ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotafutwa, na mume wa jirani, ambaye alikuwa amefungua gurudumu la baiskeli yake uani kwake msimu wa mavuno ya alizeti na kulifunga likiwa pungufu, aliitambua palepale, akaidai na akapewa. Hivyo kesi iliyofunguliwa na mwenye gari ikashindwa na mwenye baiskeli, ambaye hakuwa mdai wala mdaiwa, na kitoweo kikaliwa na pande zote kwa mujibu wa desturi. Gololi ya giaboksi haijaonekana hadi leo, na kuku waliobaki hawajahojiwa.

Bodi ikafungwa na kishimo kimoja kitupu. Kati ya nusu zake mbili hukaa bati la kutenganisha vijia, na juu na chini ya bati hilo gasketi mbili za karatasi ngumu ambazo kwa jicho la haraka ni moja, ila matundu yake machache yanahitilafiana. Zikibadilishwa nafasi, oili hupata njia ambazo mbunifu hakuzikusudia. Zilibadilishwa nafasi. Hata hivyo, kwa umbali wa kutoka uani hadi njia kuu, ukazaji wa gia ulifanikiwa kupita matarajio, kwa kuwa gari lilipotiwa gia ya kwanza liliruka kwa nguvu iliyomwangusha abiria wa nyuma kwenye mfuko wa mahindi, na lilipoingia ya pili mtoto wa darasa la pili alishangilia. Kisha shinikizo lililoongezwa likaipasua gasketi iliyokaa pasipo pake, oili ya klachi ya mbele ikavuja, na kwa kuwa klachi hiyo moja ndiyo inayotumika katika gia zote 4 za mbele lakini haihusiki na gia ya nyuma, gari lilibakiwa na uelekeo mmoja.

Hapo ndipo ukarimu wa watu wa Itigi ulipojidhihirisha, maana walijitokeza vijana wa kutosha kulisukuma gari hilo liwake na kwenda, na kila mmoja alikuwa na maoni. Ni muhimu kueleza, kwa kuwa haikuwezekana kueleza siku ile kutokana na kelele, kwamba gari la otomatiki la kisasa haliwashwi kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa hakuna shinikizo, pasipo shinikizo hakuna klachi inayoshika, na magurudumu huzunguka bila injini kupata habari. Giaboksi ya Hydra-Matic, iliyouzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 na kuwa otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, ilikuwa na pampu ya pili nyuma, inayozungushwa na magurudumu, na kwa hiyo iliweza kusukumwa ikawaka. Pampu hiyo iliondolewa katika giaboksi za baadaye ili kupunguza gharama, na walioiondoa hawakuwauliza watu wa Itigi. Isitoshe, injini ya gari hilo ilikuwa inawaka vizuri tangu mwanzo. Hakuna aliyesikia.

Kwa uwiano wa 2.393 injini huzunguka karibu mara mbili na nusu kila mhimili wa kutokea giaboksi unapozunguka mara moja, na kwa kuwa hakuna gia ya nyuma ya pili, dereva anayetaka kufupisha aibu kwa kuongeza mwendo huongeza kelele tu. Vichaka vya Itigi, vile vizito visivyopitika ambavyo wanabotania huviita kwa jina la mji huu, viko karibu, na haja ya kuvitumia ilihisiwa. Lakini njia ya kwa fundi hupita mnadani.

Makosa mengine ya siku hiyo hayahitaji nafasi kubwa. Oili ilipimwa injini ikiwa imezimwa, ikaonekana imezidi, ikapunguzwa, na kumbe hupimwa injini ikinguruma. Kebo inayoufikisha mkanyago wa pedali ya mafuta kwenye giaboksi ilivutwa kupita alama yake, na shinikizo la oili likapanda kupita kiasi. Silensa ilikuwa ya moto.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo halichekeshi. Gari hilo lilitoka Japani likiwa limezeeka, na serikali ilitoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee huo, kama inavyotoza kwa kila gari dogo lililozidi miaka 8. Lakini pamoja na ushuru huo mwananchi hapewi hata ukurasa mmoja unaoeleza namna ya kulitunza gari zee. Vibandiko vilivyo chini ya boneti vimeandikwa Kijapani, maelekezo ya vifaa yameandikwa Kiingereza cha watu wanaojuana, na Kiswahili, lugha inayotosha kuendeshea Bunge na mahakama za mwanzo, hakijaandikiwa kitabu cha giaboksi ya otomatiki ambacho kijana wa gereji anaweza kukinunua dukani. Kijana huyo si mjinga. Hujifunza kwa kufungua, na hufungua mali ya watu, na kila anachokosea hulipwa na mteja na kukumbukwa na mtaa kwa jina lake. Oili nayo huuzwa katika madumu yenye nembo nzuri na kimiminika kisichojulikana, na mnunuzi anayelalamika huulizwa kama alitikisa dumu kabla ya kumimina. Mtu anayeishi katika mazingira hayo akiamua kufungua giaboksi yake mwenyewe chini ya mwembe, hatafuti ufahari tu; anatafuta pia, kwa njia pekee aliyoachiwa, kujua kitu alichokilipia kinafanyaje kazi.

Fundi aliyelipokea gari, mtu wa makamo aliyejifunza kazi kwenye magari ya migodi ya jasi, aliifungua bodi ya valvu bila kusema neno, akazirudisha springi za kiwandani, akaweka gasketi mpya kila moja mahali pake, na akachukua gololi kutoka kwenye giaboksi nyingine iliyokwisha kufa. Muda wote wa kazi aliihifadhi gololi hiyo ndani ya mfuko wa shati uliofungwa kifungo, kwa kuwa gereji yake nayo ina kuku.